NDEGE NI WA NANI?
Uwindaji katika mashamba ya Uingereza

Someni kwa zamu, kila mtu aya moja. Maneno mageni yameelezwa humu humu ndani ya somo. Mwishoni yako maswali ya kuzungumza darasani.

Nchi na ndege wake

Watu wengi hudhani kwamba Uingereza yote ni miji na viwanda. Si kweli. Ukitoka London kwa gari moshi, baada ya saa moja utaona mashamba ya ngano, shayiri na viazi. Utaona ng'ombe na kondoo. Mashamba yamezungushiwa ua wa miti mifupi au kuta za mawe. Hapa na pale, katikati ya mashamba, kuna msitu mdogo wa eka tano au kumi. Mgeni huuliza: kwa nini mkulima hakukata miti hii akalima ngano? Mara nyingi jibu ni kwamba msitu ule umeachwa kwa ajili ya ndege wa kuwindwa.

Uingereza ina sehemu nne: England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Sheria zao hazilingani katika kila jambo. Sisi tutasema zaidi juu ya England, na kidogo juu ya Uskoti.

Ndege anayewindwa zaidi huitwa fezanti. Ni jamaa ya kuku na kwale. Dume ana shingo ya kijani inayong'aa, uso mwekundu na mkia mrefu. Jike ana rangi ya majani makavu, basi akilala chini humwoni. Ndege huyu si mwenyeji. Asili yake ni Asia, na watu walimleta karne nyingi zilizopita. Wa pili ni kwale. Kwale wa kijivu ni mwenyeji, lakini amepungua sana. Kwale mwenye miguu myekundu aliletwa kutoka bara la Ulaya. Wa tatu huitwa grausi. Huyu ni wa milimani, kwenye baridi na upepo. Anakula machipukizi ya kijichaka kifupi chenye maua ya zambarau. Grausi hafugiki kwa urahisi kama fezanti. Anayemtaka hana budi kutunza mlima wenyewe.

Kila ndege ana msimu wake. Grausi huwindwa kuanzia Agosti 12 hadi Desemba 10. Kwale ni Septemba 1 hadi Februari 1. Fezanti ni Oktoba 1 hadi Februari 1. Miezi mingine ni ya kutaga na kulea, na ni kosa kuwapiga. Katika England na Wales ni kosa pia kuwapiga siku ya Jumapili au ya Krismasi.

Kazi ya mtunza ndege

Shamba kubwa lenye uwindaji huwa na mtu wa kutunza ndege. Msimfananishe na bwana nyama wa kwetu. Bwana nyama ni mtumishi wa serikali. Mtunza ndege huyu ameajiriwa na mwenye ardhi, au na kundi la watu waliokodi haki ya kuwinda. Mara nyingi hupewa nyumba ndani ya shamba. Akiachishwa kazi, na nyumba huondoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa kazi hii walikuwa zaidi ya 20,000. Leo waliobaki ni elfu chache.

Kazi yake huanza baridi inapopungua, kama mwezi wa Aprili. Mayai ya fezanti hukusanywa na kuanguliwa. Zamani yaliatamiwa na kuku wa kawaida. Mtunza ndege alipanga masanduku kwa mistari uwanjani, na katika kila sanduku kuku mmoja. Kila asubuhi aliwatoa kuku wote wale na kunywa maji, kisha akamrudisha kila mmoja kwenye mayai yake kabla hayajapoa. Mama yeyote aliyewahi kufuga kuku anaijua kazi ya kuku mmoja anayeatamia. Fikirini kuku mia! Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine.

Vifaranga hukaa kwenye joto la taa kwa wiki za kwanza. Wakifika wiki sita au saba hupelekwa msituni, ndani ya banda kubwa la wavu lisilo na paa. Humo hujifunza kulala juu ya miti ili mbweha asiwapate. Kisha huanza kutoka wenyewe na kurudi. Mtunza ndege huwamwagia ngano kila siku na kuwapigia mluzi, ili wasihamie kwa jirani. Ndege wanaoachiwa namna hii kila mwaka katika nchi nzima ni makumi ya milioni.

Kwa nini anaogopa wasihamie kwa jirani? Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Tulieni kidogo tuelewane.

Kwa sheria ya England, mnyama wa porini akiwa hai hana mwenyewe. Fezanti akiwa ndani ya banda ni mali ya aliyemlea. Akishatoka na kuruka, si mali ya mtu. Akitua kwenye ardhi yako, haki ya kumpiga ni yako, au ya yule uliyemkodisha haki hiyo. Akivuka ua, haki ni ya jirani. Ukisikia hivi kwa mara ya kwanza utasema ni sheria ya haki, kwa sababu haimpendelei mtu. Lakini tazama tena. Mwenye ardhi ya eka elfu kumi ana ndege wa eka elfu kumi. Kibarua asiye na ardhi hana hata ndege mmoja, ingawa ndege hao hao hupita juu ya paa lake kila siku.

Siku ya kuwinda

Wakati wa baridi siku za Uingereza ni fupi sana. Mwezi wa Desemba jua huchomoza kama saa 2 asubuhi na kuzama kama saa 10 alasiri. Kwa hiyo hakuna kuchelewa. Mfalme Edward wa Saba, aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1910, alipenda sana kuwinda. Saa zote za shamba lake la Sandringham ziliwekwa mbele kwa nusu saa ili asipoteze mwanga. Desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1936. Mtu aliyetoka kijiji cha jirani alikuta saa nyingine kabisa.

Wawindaji huwa wanane au tisa. Kila mmoja huchota namba inayomwonyesha mahali pake. Husimama kwa mstari mbele ya msitu, kila mtu hatua arobaini hivi kutoka kwa mwenzake. Upande wa pili wa msitu wamejipanga waswagaji. Hawa ni watu wa kijijini: vibarua, akina mama, wazee waliostaafu, vijana wa shule siku ya Jumamosi. Kila mmoja ana fimbo au kibendera. Filimbi ikilia huingia msituni pamoja, wakigonga miti. Hawakimbii. Wakikimbia, ndege wote wataruka kwa mkupuo mmoja na kazi itaharibika. Wakienda polepole, ndege huruka wachache wachache, juu, kuelekea kwa wawindaji. Ndipo bunduki hulia.

Bunduki inayotumika ni ya marisau, yaani inatoa chembe nyingi ndogo badala ya risasi moja. Anayetaka kuwa nayo lazima apewe cheti na polisi. Polisi huchunguza kama ni mtu mwenye akili timamu na mwenendo mwema. Cheti hudumu miaka mitano. Nyumbani bunduki hufungiwa mahali imara, kwa kawaida katika kabati la chuma.

Masharti ya mstarini ni makali, nami nayasifu. Usipige ndege anayeruka chini, kwa sababu nyuma yake yuko mswagaji. Usizungushe bunduki kufuata ndege kupita vichwa vya wenzako. Kati ya zamu na zamu bunduki hufunguliwa katikati, ili kila mtu aone kwa macho kwamba haina kitu ndani. Anayekiuka anaweza kuambiwa arudi nyumbani, awe nani.

Ndege walioanguka huokotwa na mbwa waliofundishwa. Mbwa hao huleta ndege mdomoni bila kumtafuna. Jioni ndege hufungwa wawili wawili na kuhesabiwa. Kila mwindaji hupewa jozi moja. Mswagaji hupata ujira mdogo wa siku, na mara nyingi jozi yake pia. Waliobaki huuzwa kwa wachuuzi wa nyama ya porini. Kabla ya kuliwa, ndege hutundikwa siku kadhaa mahali pa baridi akiwa na manyoya yake. Kwetu mtu angesema nyama imeharibika. Wao husema sasa ndiyo ina ladha.

Uwindaji huu si njia ya kujipatia mboga. Wawindaji wa huko wana msemo wa zamani unaohesabu gharama: fezanti mmoja akiruka, imeruka gini moja, bunduki ikilia, zimekwenda senti chache, ndege akianguka, imeanguka nusu kroni. Gini ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza. Nusu kroni ilikuwa shilingi mbili na nusu. Maana yake kumlea ndege kuligharimu mara nane na zaidi ya bei yake sokoni. Hata leo mgeni anaweza kulipa zaidi ya paundi 1,000 kwa siku moja ya kuwinda. Analipia siku yenyewe, nyama ni nyongeza.

Siku moja ya Desemba mwaka 1913, katika shamba la Hall Barn karibu na mji wa Beaconsfield, Mfalme George wa Tano na wenzake sita waliua fezanti 3,937. Inasemekana mfalme mwenyewe, wakati wa kurudi, alimwambia mwanawe kwamba huenda siku hiyo walizidisha.

Sheria za zamani

Mwaka 1066 England ilitekwa na William, mtawala wa Normandy, ng'ambo ya bahari. Yeye na wafalme waliomfuata walitenga sehemu kubwa za nchi kuwa misitu ya mfalme. Msitu hapa maana yake si miti tu. Ndani yake mlikuwa na vijiji na mashamba. Lakini wanyama wakubwa waliwekwa kwa ajili ya mfalme, hasa ayala. Ayala ni mnyama mfano wa swala, mwenye pembe zenye matawi. Mwanakijiji aliyewakuta ayala wakila mazao yake hakuruhusiwa kuwapiga. Mbwa wake mkubwa alikatwa kucha za mguu wa mbele asiweze kukimbiza mnyama. Mwaka 1217 ilitolewa hati iliyosema mtu asiuawe tena wala asikatwe kiungo kwa sababu ya mnyama wa mfalme. Kutokana na hati hiyo mnaweza kujua mambo yalivyokuwa kabla yake.

Baadaye nguvu ikatoka kwa mfalme ikaenda kwa makabaila, yaani wenye ardhi kubwa. Hao ndio waliojaa Bungeni. Mwaka 1671 walipitisha sheria kwamba mtu mwenye ardhi yake asiwinde ila ardhi hiyo iwe na pato la paundi 100 kwa mwaka. Linganisheni na hili: wakati huo, mwenye ardhi ya pato la shilingi 40, yaani paundi 2, aliruhusiwa kupiga kura ya kumchagua mbunge wa jimbo lake. Basi kupiga kwale kulitaka pato mara 50 ya lile la kupiga kura! Mkulima mdogo aliwalisha kwale na sungura kwa ngano yake, lakini hakuruhusiwa kuwala.

Mwaka 1723 ikaja sheria kali zaidi. Majangili wa wakati huo walipaka masizi usoni wasitambulike usiku. Sheria ya mwaka huo iliweka makosa zaidi ya 50 ya kunyongwa, na baadhi yake ni kwenda kuwinda ayala huku umejipaka masizi. Sehemu kubwa ya sheria hiyo ilifutwa mwaka 1823.

Wakati huo huo ardhi ya wote ilikuwa ikipotea. Kila kijiji kilikuwa na uwanda wa kulishia ng'ombe, kuokota kuni na kutega sungura. Bunge lilipitisha sheria moja moja za kugawa uwanda huo na kuuzungushia ua. Kati ya mwaka 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,000 za namna hiyo, juu ya eka karibu milioni 6.8. Wenye hati walipata sehemu zao. Wasio na hati, ambao walitumia uwanda kwa desturi tu, wengi hawakupata kitu.

Fikirini hali ya kibarua wa kusini mwa England miaka ya 1830. Mshahara wake ulikuwa kama shilingi 10 kwa wiki, mahali pengine chini ya hapo. Ana watoto watano. Nje ya mlango wake wanapita sungura na fezanti. Usiku anachukua tanzi la waya na kwenda msituni. Je, huyu ni mwizi? Makabaila walisema ndiyo. Vibarua wengi walisema hapana, kwa kuwa Mungu hakuandika jina la mtu juu ya sungura.

Msituni palikuwa na hatari. Wenye ardhi walitega bunduki zilizofungwa kamba ya kukanyagwa. Bunduki ya mtego haina macho. Ilimpiga jangili, na ilimpiga pia mtoto aliyefuata kuni au mfanyakazi wa shamba lenyewe. Zilipigwa marufuku mwaka 1827. Mwaka uliofuata ilitoka sheria ya ujangili wa usiku: kosa la kwanza kifungo cha hadi miezi mitatu na kazi ngumu, kosa la tatu mtu aliweza kupelekwa ng'ambo miaka saba. Ng'ambo maana yake Australia. Wengi waliopelekwa huko hawakuwaona tena wazazi wao. Na hakimu wa kesi hizo ndogo ndogo alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mwenye ardhi wa hapo hapo, au jirani yake aliyealikwa kuwinda naye. Huhitaji kusomea sheria ili uione kasoro hiyo.

Mwaka 1831 sharti la ardhi ya paundi 100 lilifutwa. Tangu hapo mtu yeyote aliyelipia leseni aliweza kuwinda, mradi mwenye ardhi amkubalie. Sheria hiyo iliruhusu pia ndege wa kuwindwa wauzwe na wachuuzi wenye leseni. Kabla ya hapo biashara hiyo ilikuwa marufuku, ingawa matajiri wa London walikula fezanti bila kuuliza walikotoka. Mwaka 1880 mkulima wa kukodi alipewa haki ya kuua sungura wanaoharibu mazao yake, na mwenye ardhi hakuweza kumnyang'anya haki hiyo kwa mkataba.

Safari ya kupanda Kinder

Kati ya miji ya viwanda ya Manchester na Sheffield kuna mlima uitwao Kinder Scout. Juu yake ni tambarare pana yenye upepo, na urefu wake ni mita 636. Wafanyakazi wa viwandani waliuona mlima huo kila siku kupitia moshi. Jumapili ilikuwa siku yao pekee ya kupata hewa safi. Lakini mlima ulikuwa wa makabaila, nao waliutunza kwa ajili ya grausi. Walinzi walizunguka na fimbo kuwafukuza watu. Wenyewe waliwinda siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote mlima ulikaa kimya, ukingoja ndege wakue.

Tarehe 24 Aprili 1932, siku ya Jumapili, watu kama 400 walikusanyika kijiji cha Hayfield. Kiongozi wao alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20 kutoka Manchester. Walipanda mlima bila ruhusa, kwa makusudi, mchana kweupe. Walinzi waliwazuia, wakashikana, na mlinzi mmoja akaumia. Watu wakapita wakafika juu, wakakutana na wenzao waliotoka upande wa Sheffield.

Waliporudi chini polisi walikuwa wanawangoja. Vijana watano walifungwa jela, kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipata minne. Kosa lao halikuwa kukanyaga ardhi ya mtu, kwa sababu kufanya hivyo peke yake hakukuwa kosa la jinai. Walihukumiwa kwa fujo na kwa kumpiga mlinzi. Vyama vingine vya watembeaji havikupenda njia yao, vikasema wameharibu mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea. Lakini watu wengi walikasirika kuona vijana wanafungwa kwa sababu ya kupanda mlima, na jambo hilo likazungumzwa nchi nzima.

Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya kuingia mashambani. Eneo la Kinder likawa ndani ya hifadhi ya kwanza, mwaka 1951. Hifadhi za huko si kama Serengeti. Watu wanaishi ndani, wanalima na kufuga. Mwaka 2000 sheria nyingine iliwapa watu wa England na Wales haki ya kutembea kwa miguu katika milima na nyika zilizoorodheshwa, ziwe za nani. Uskoti ilipata haki pana zaidi mwaka 2003. Mwaka 2002, miaka 70 baada ya safari ile, kabaila wa Devonshire alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa na babu yake.

Yaliyofika kwetu

Waingereza walipotawala Tanganyika walikuja na mawazo yao juu ya wanyama. Mwaka 1921 waliweka sheria ya wanyama wa porini. Mtu mwenye leseni na bunduki akaitwa mwindaji. Mwanakijiji mwenye mtego au upinde akaitwa jangili, hata kama babu yake aliwinda hapo hapo. Wajerumani kabla yao walikuwa wameanza na sheria ya namna hiyo mwaka 1896. Pori la Selous lilipewa jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Lakini iko tofauti moja, nayo tusiisahau. Kule haki ya kuwinda hufuata ardhi. Kwetu Tanzania wanyama wa porini ni mali ya umma, chini ya serikali, popote walipo. Tembo akiingia shambani mwako hawi wako. Kila njia ina uchungu wake, na wakulima wa karibu na hifadhi wanaujua huu wa kwetu kuliko mimi.

Mabishano ya leo

Uingereza ya leo bado inabishana. Kuwinda mbweha kwa farasi na kundi la mbwa kulikatazwa Uskoti mwaka 2002, na katika England na Wales kuanzia Februari 2005. Mwezi wa Septemba 2002 watu kama 400,000 waliandamana London wakitetea maisha ya mashambani na uwindaji. Si wote walikuwa makabaila. Wengi walikuwa wakulima, wafua chuma wa kwato za farasi, watunza ndege na wake zao. Walisema watu wa mjini wanatunga sheria juu ya mambo wasiyoyajua.

Ugomvi mwingine ni juu ya vipanga. Kipanga hula vifaranga vya grausi. Sheria humlinda, lakini kwa miaka mingi vipanga wamekutwa wamepigwa risasi au wamelishwa sumu karibu na milima ya kuwinda. Mwaka 2024 Uskoti ilipitisha sheria kwamba anayewindisha grausi lazima awe na leseni, na inaweza kuondolewa kama sheria za kulinda ndege zitavunjwa. Tena yako marisau. Hutengenezwa kwa risasi, madini yenye sumu, na ndege wa majini huyameza wakidhani ni changarawe. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba marisau ya madini hayo yatakomeshwa baada ya muda wa kujiandaa.

Wanaotetea uwindaji wana hoja za kweli. Misitu midogo na nyua za miti zingekatwa zamani kama si ndege hao, na ndani yake wanaishi viumbe wengine wengi. Kijiji cha mbali hupata kazi na wageni wakati wa baridi ambapo hakuna kazi nyingine. Na siku ya kuswaga huwakutanisha wazee ambao vinginevyo wangekaa peke yao. Mimi sizipuuzi hoja hizo. Ila naona kwamba wanaozisema kwa sauti kubwa zaidi ni wale wanaosimama mbele ya msitu, na ingefaa tuwasikie pia wanaoingia ndani na fimbo. Uskoti, watu na makampuni wasiofika 500 wanamiliki kama nusu ya ardhi yote iliyo mikononi mwa watu binafsi. Bunge la huko limekwisha kupitisha sheria kadhaa za kuzisaidia jumuiya za vijiji kununua ardhi wanayoishi juu yake, na katika visiwa na milima kadhaa wameinunua.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini mtunza ndege huwapigia fezanti mluzi na kuwamwagia ngano?

2. Fezanti aliyelelewa na Bwana A ametua katika shamba la Bwana B. Kwa sheria ya England, nani ana haki ya kumpiga? Je, mnaona ni sawa? Kila mtu atoe sababu yake.

3. Hesabu: Kumlea ndege mmoja ni shilingi 21. Bei yake sokoni ni shilingi mbili na nusu. Mwenye shamba akilea ndege 200 na kuwauza wote, atapata hasara ya shilingi ngapi?

4. Baadhi ya watembeaji walisema vijana wa Kinder walikosea kutumia nguvu wakati mazungumzo yanaendelea. Gawanyikeni makundi mawili. Kundi moja liwatetee vijana, kundi la pili liwapinge.

5. Katika kijiji chenu, nani anaruhusiwa kukata kuni, kuchota asali na kutega kwale, na nani aliweka kanuni hizo? Waulizeni wazee, mwandike majibu yao katika madaftari, myalete darasani wiki ijayo.